Mikono Nyuma: Neno kwa Wafugaji Nyuki Wanaojiandaa Kufundisha

(Hotuba ya kufungua mafunzo ya wakufunzi wa ufugaji nyuki)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi.

Kila tarehe 20 Mei dunia huadhimisha Siku ya Nyuki. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2017, na tarehe hiyo ilichaguliwa kwa heshima ya Anton Janša, Mslovenia aliyezaliwa mwaka 1734. Bwana huyu alikwenda Vienna kusomea uchoraji, lakini alikuwa ametoka katika nyumba ya wafuga nyuki, na mwaka 1770 akawekwa kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki katika utawala wa Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alifundisha kwa muda mfupi tu, maana alifariki mwaka 1773. Angalieni basi: walipotafuta mtu wa kupewa siku hii, hawakumchukua tajiri wa asali. Walimchukua mwalimu.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu najua baadhi yenu mmekuja na madaftari mkitarajia kuongezewa elimu ya nyuki. Leo hamtaongezewa. Nyuki mnawajua, wengine mnawajua kuliko mimi. Tumekutana kwa ajili ya kiumbe mwingine, mgumu zaidi kumsoma: mtu mzima aliyekuja kujifunza.

Tatizo letu sisi wazoefu ni kwamba tunajua mengi na hatujui kwamba tunayajua. Mtu aliyekaa na nyuki miaka mingi akifika mzingani huwa ameshapata nusu ya habari kabla hajagusa kifuniko. Ametazama mlangoni, akaona nyuki wanaingia na chavua miguuni, akajua kuna uwezekano mkubwa ndani mna majana, yaani watoto wa nyuki, ya kulishwa. Ameona nyuki wanakumbatiana na kubwagana kwenye ubao wa mlango, akashuku kwamba kundi jingine limekuja kuiba. Ameinua mzinga kidogo kwa nyuma kupima uzito wa asali. Amesikiliza mvumo, kwa sababu kundi lililopoteza malkia mara nyingi huvuma kwa namna ya kutotulia, na sikio lililozoea hulitambua. Baada ya hayo yote ndipo anapopuliza moshi na kufungua. Mwanagenzi aliyesimama pembeni ameona nini? Ameona mtu akipuliza moshi na kufungua. Kesho naye atakwenda kupuliza moshi na kufungua, halafu atashangaa kwa nini mambo yake hayaendi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkufunzi ni kuyaleta mdomoni yale ambayo macho, pua na mikono yake vimezoea kuyafanya kimyakimya. Sema unachokiona wakati ule ule unapokiona. "Nasikia harufu ya ndizi mbivu. Hiyo ni harufu ya tahadhari, kuna nyuki amechoma mahali. Naongeza moshi kidogo, tunasubiri." Kisha eleza moshi unafanya nini: unaifunika ile harufu ya tahadhari ili isienee kundini, na unawafanya nyuki wakimbilie kujaza matumbo yao asali. Mwanagenzi akizielewa sababu hizo mbili hatalifukiza kundi mpaka litoke nje lote, kama wanavyofanya wengi katika wiki zao za mwanzo. Akiambiwa tu "puliza moshi", atapuliza mpaka machozi yamtoke yeye mwenyewe.

Kazi ya pili ni ngumu kuliko hiyo. Ni kuweka mikono nyuma.

Zamani huko Geneva alikuwepo mtu aitwaye François Huber, aliyezaliwa mwaka 1750, akapoteza uwezo wa kuona akiwa bado kijana. Alichunguza nyuki kwa macho na mikono ya msaidizi wake, François Burnens, ambaye aliingia nyumbani mle kama mtumishi. Huber aliuliza, Burnens akafungua mzinga, akatazama, akaeleza alichokiona, Huber akauliza tena, kwa undani zaidi. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba malkia hapandani na madume ndani ya mzinga bali hutoka nje kuruka, na kwamba nta hutengenezwa na miili ya nyuki wenyewe, haikusanywi kutoka kwenye maua. Mimi nikiisoma habari hiyo humwangalia zaidi Burnens. Aligeuka kuwa mchunguzi hodari wa nyuki, na sababu moja naiona wazi: aliyemwongoza hakuwa na namna ya kumnyang'anya sega mkononi.

Sisi namna tunayo, na tunaitumia vibaya. Mwanagenzi ameshika fremu, yaani kiunzi cha mbao kinachobeba sega, anaigeuza polepole, vidole vinatetemeka kidogo, anatafuta malkia. Sisi tumeshamwona malkia tangu mwanzo. Tunavumilia kwa sekunde chache, halafu mkono unatoka wenyewe: "Lete nikuonyeshe." Fremu imehama, na somo limehama nalo. Alichojifunza pale ni kwamba mwalimu wake ana macho makali. Kumbe hata hakuhitaji kumwona malkia.

Hapa mniruhusu nikae kidogo, maana mfano huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Yai la nyuki hudumu kama siku 3 kabla ya kuanguliwa. Badala ya kumtafutia malkia, mwambie mwanagenzi ageuze mgongo kwenye jua, ainamishe fremu ili mwanga uingie hadi chini ya vitundu, na aseme anaona nini. Akisema anaona vijiti vyeupe vidogo vimesimama, kimoja kimoja katika kila kitundu, usimpongeze bado. Muulize: "Hayo ni mayai. Yai hukaa siku 3. Basi malkia alikuwepo humu lini?" Nyamaza. Kimya kile kitakuwa kirefu kwako kuliko kwake. Atafikiri, halafu atasema, "Hazijapita siku 3." Sasa mwulize kama bado ana haja ya kumwona malkia leo. Mtu huyo ataondoka na kitu atakachokitumia kila atakapofungua mzinga peke yake, hata siku ambayo malkia amejificha.

Na ukishafungua njia hiyo, hesabu nyingine zinafuata bila kukaririshwa. Malkia huchukua takriban siku 16 kutoka yai hadi kutoka kitunduni, nyuki kibarua siku 21, dume siku 24. Ukimpa mtu mzima namba hizo kwenye karatasi, atazisahau kabla ya kufika nyumbani. Mpe fremu yenye majana yaliyofunikwa na vitundu vya malkia pembezoni, kisha muulize kundi hili linapanga nini na tuna siku ngapi mkononi. Hapo namba zimepata kazi ya kufanya.

Nimesema mtu mzima, na neno hilo lina uzito wake. Mtu mzima haji kwako akiwa mtupu. Yule ni seremala, ataiona dosari kwenye kiungio cha sanduku kabla yako. Yule ni muuguzi, anajua habari za mzio kuliko sote tuliomo humu. Yule amefanya kazi ya hesabu maisha yake yote na atataka kujua gharama na mapato, na ana haki ya kujibiwa ukweli: kwamba mwaka wa kwanza mara nyingi ni wa kutoa pesa, kwamba kundi jipya linaweza lisikupe asali ya kurina, kwamba makundi hufa hata mikononi mwa hodari. Ulizeni mapema watu wametoka kazi gani, na majibu yao myatumie. Muuguzi mpe nafasi aeleze dalili za mzio. Seremala akague viungio. Utakuwa umepata wasaidizi, na wao watakuwa wamejua kwamba umewaona.

Kuna pia mambo ya mwili ambayo vijana hawayafikirii. Yai la nyuki lina urefu wa kama milimita moja na nusu. Mtu aliyevuka miaka 40 na ushei huenda asilione bila miwani ya kusomea, na wengi huiacha kwenye gari kwa kuwa wanadhani haiingii ndani ya wavu wa uso. Waambieni kabla ya kuvaa. Wavu, kofia na mvumo wa nyuki hupunguza usikivu, kwa hiyo mkufunzi anayesema huku amewapa watu mgongo ameongea na mzinga tu. Sanduku la asali lililojaa linaweza kuzidi kilo 20. Onyesheni namna ya kulibeba watu wawili, au kutoa fremu moja moja, na msifanye kuwa ni jambo la aibu. Na mtu mzima huogopa kuonekana mjinga kuliko anavyoogopa kuchomwa. Atakubali kwa kichwa kwamba ameelewa, na hajaelewa. Msiulize "mmeelewa?" Swali hilo halijawahi kuleta jibu la kweli duniani. Mpe patasi ya kufungulia mzinga, mwambie akuonyeshe.

Sasa usalama, na hapa sitabembeleza. Kuna tabia miongoni mwetu ya kufungua mzinga bila wavu mbele ya wageni ili waone jinsi nyuki walivyotuzoea. Nyuki hawajatuzoea. Tumejifunza kusoma hali ya hewa na hali ya kundi, na siku hiyo bahati imekuwa upande wetu. Mwanagenzi hawezi kutenganisha ustadi na bahati. Anachokiona ni kwamba fundi halisi havai. Mkufunzi avae kila kitu anachowaambia wanafunzi wake wavae, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Asiyeweza hilo ni bora abaki mfugaji, na ufugaji ni kazi ya heshima.

Kabla ya kukaribia mizinga, kila mmoja aulizwe kwa faragha kama amewahi kudhurika kwa kuchomwa na mdudu yeyote, na kama anatumia dawa za moyo au za shinikizo la damu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinaweza kufanya mzio mkali uwe mgumu kutibu. Hatuko pale kutoa ushauri wa kitabibu. Tunamwambia azungumze na daktari wake kwanza, basi. Mtu akichomwa, mwiba utolewe upesi, kwa kucha au kwa patasi, namna yoyote. Mfuko wa sumu huendelea kusukuma, na haraka ndiyo yenye maana kuliko ufundi. Maumivu na uvimbe mahali pale ni kawaida. Vipele mwili mzima, uso au koo kuvimba, pumzi kuwa nzito, kizunguzungu: hapo somo limekwisha, huduma ya dharura iitwe mara moja, na kama mtu ana sindano yake ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari, itumike bila kusubiri. Kwa hiyo mkufunzi ajue kabla ya kuanza simu inashika wapi katika manzuki ile, yaani pale mizinga ilipowekwa, na ajue namna ya kuwaelekeza wa gari la wagonjwa hadi pale. Nimeona mafunzo mazuri ambayo hakuna hata mmoja aliyejua.

Chagueni kundi pole kwa siku ya kwanza. Watu wasizidi sita kwenye mzinga mmoja, na wa saba aonekane ni wengi mno. Wasisimame kwenye njia ya nyuki mbele ya mlango. Mzinga usikae wazi muda mrefu, maana majana hupoa na nyuki huanza kuiba. Mimi hujiwekea robo saa, halafu nafunga hata kama kuna mtu ana swali tamu. Swali litajibiwa kivulini.

Tuje kwenye jambo linalotugombanisha sisi kwa sisi. Kuna mambo ya nyuki na kuna mazoea yangu. Kwamba dume hutokana na yai lisilorutubishwa ni jambo la nyuki, halina upande. Kwamba mimi huanza na fremu ya pembeni kisha naelekea katikati, kwamba wewe unapenda glavu nyembamba, kwamba yule hatumii kizuia malkia, ule wavu wa kumzuia malkia asipande kwenye sanduku la asali, hata kidogo, hayo ni mazoea, na mengine yana sababu nzuri na mengine tuliyarithi bila kuyauliza. Mwanagenzi akipewa yote kwa sauti moja, siku atakayokutana na mfugaji mwingine atachanganyikiwa, na mbaya zaidi, ataacha kuamini hata yale ya msingi. Jizoezeni kusema, "Hapa nawapa mazoea yangu, na sababu yangu ni hii." Sentensi fupi sana. Wazoefu wengi huwa inawakwama kooni.

Halafu kuna suala la kuacha. Ninyi mnajua kuzalisha malkia, kuunganisha makundi, kuchakata nta, kukausha chavua, kukusanya gundi ya nyuki. Ni mambo matamu, na mwanagenzi hayahitaji mwaka huu. Anahitaji kufungua mzinga bila kuumiza wala kuumia, kusoma fremu, kujua kama kundi lina chakula, lina malkia na lina nafasi, na kutambua kwamba kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini. Yaliyobaki yatasubiri. Najua inauma kuacha lile unalolipenda. Lisimulieni wakati wa chai.

Kwenye magonjwa, hata hivyo, msikate kona. Utitiri wa varoa, vidudu vidogo vinavyowanyonya nyuki, hauonekani kwa macho ya matumaini, unahesabiwa. Nusu kikombe cha nyuki, ambao ni kama 300, wakichukuliwa kwenye fremu ya majana baada ya kuhakikisha malkia hayumo, wakaoshwa kwa spiriti na utitiri ukahesabiwa, gawanya kwa 3 upate idadi kwa kila nyuki 100. Zoezi hilo huua nyuki wale, na nawatahadharisha: katika kila kikundi kuna mtu litakalomgusa moyo. Usimcheke. Amekuja kwa sababu anawapenda nyuki, na unamwambia awaue. Mwonyeshe kwamba kundi lenye nguvu lina makumi ya maelfu, na kwamba kwa malkia aliye katika kilele cha kutaga, 300 ni chini ya kazi ya siku moja. Akiendelea kukataa, mfundishe njia ya sukari ya unga, ambayo nyuki wengi huishi, na umweleze kwa uaminifu kwamba inaweza kuukosa sehemu ya utitiri. Kisha aamue mwenyewe.

Uozo wa majana, ule mbaya zaidi, fundisheni kwa picha. Mbegu za bakteria wake hudumu miongo kadhaa kwenye masega na vifaa vya zamani, na katika nchi nyingi sheria inataka utolewe taarifa. Asije mtu akaleta sega gonjwa darasani ati watu waone. Na sisi tunaozunguka manzuki hadi manzuki kufundisha ndio wa kwanza wa kuchungwa: patasi isafishwe, glavu zibadilishwe au zioshwe, kati ya kila sehemu na sehemu. Fanyeni hivyo mbele ya wanafunzi, waone ni sehemu ya kazi.

Kuhusu mafunzo yenyewe ya siku hizi, kuna jambo halitawapendeza. Mtatazamwa mkifundisha na wenzenu, na mtaambiwa mlichofanya. Watu wazoefu hatupendi hilo. Ndiyo maana kesho asubuhi hakutakuwa na nyuki: kila mmoja atafundishwa na mwenzake kitu asichokijua kabisa, iwe kufunga fundo, kusuka ukili au kusoma noti za muziki. Nataka mhisi tena vidole vinavyokataa kutii, na mwalimu anayesema "ni rahisi tu". Neno hilo, rahisi, ningependa liachwe langoni. Likiwa rahisi kweli, mwanagenzi atagundua. Na kama si rahisi kwake, umemwambia yeye ni mzito.

Anayemtazama mwenzake ataandika mambo ya kuonekana, kama vile mara ngapi mkufunzi alishika fremu, alisubiri muda gani baada ya kuuliza swali, nani hakusema neno tangu mwanzo. Hukumu kama "alifundisha vizuri" hazisaidii mtu. Na kupima wanagenzi pia tutafanya hivyo hivyo. Mtihani wa karatasi utakuonyesha nani anajua kuandika. Mimi namwambia mtu afungue mzinga na kuniambia kwa sauti anachokiona na anachokusudia kufanya, na mwisho anieleze atarudi lini na atatazama nini. Swali la mwisho ndilo linalonionyesha kama amekuwa mfugaji.

Wapo watakaofika mwisho wa mafunzo wakasema, nimeona, nimefurahi, lakini siwezi. Wapeni mkono. Kundi moja la nyuki limeepuka kutelekezwa, na jirani yao ameepuka usumbufu. Tusihesabu mafanikio yetu kwa idadi ya mizinga iliyonunuliwa wiki iliyofuata.

Kwa wale watakaoendelea, darasa lao hasa linaanza siku watakapokuwa peke yao, mzinga uko wazi, na wameona kitu ambacho hakikuwa kwenye mafunzo. Siku hiyo watakupigia simu. Kubalianeni tangu mwanzo saa za kupiga, na kila mkufunzi achukue wanagenzi wachache anaoweza kuwafuatilia msimu mzima. Akikupigia, usimpe dawa ya tatizo kwanza. Muulize ameona nini mlangoni, kuna mayai, majana yamekaaje, chakula kipo. Mara nyingi atajijibu kabla hujamaliza kuuliza, na simu ya pili itachelewa sana kuja.

Sasa tutoke. Mizinga miwili imeandaliwa, na hali ya hewa inaruhusu. Mtakwenda wawili wawili: mmoja ni mkufunzi, mwingine atajifanya mwanagenzi, na namwomba awe mwanagenzi mwaminifu, asifanye asichoambiwa. Mkufunzi atafunga mikono yake nyuma na hataigusa fremu mpaka mzinga ufungwe, isipokuwa kwa ajili ya usalama. Baada ya robo saa mtabadilishana. Mavazi yako mezani karibu na mlango, hakikisheni zipu za wavu zimefungwa hadi mwisho, na mwenye miwani ya kusomea aivae kwanza.